Tuhesabu Miti Iliyo Hai

KILA mwaka mvua za masika zinapoanza kunyesha, hutokea jambo lile lile. Turubai husimamishwa, viti hupangwa, kipaza sauti hujaribiwa, na mgeni rasmi hushuka garini kwenda kwenye shimo lililochimbwa na watu wengine, akapanda mche uliooteshwa na watu wengine, akaumwagilia maji yaliyotekwa na watu wengine. Wananchi hupiga makofi. Idadi ya miche huandikwa katika taarifa. Taarifa hupelekwa wilayani, na wilaya huipeleka mkoani. Wiki tatu baadaye mbuzi wameshapita, na hakuna taarifa inayoandikwa juu ya mbuzi.

Sina nia ya kuzibeza siku za kupanda miti. Taifa linalopanda haliwezi kulinganishwa na taifa linalokata tu. Lakini ni wajibu wetu kusema kweli, hasa sisi tunaokula mshahara wa umma. Kupanda mche ni kazi ya dakika tano. Kuutunza hadi uwe mti ni kazi ya miaka mitano. Na katika wilaya zetu mbili za Kibaha na Kisarawe, kazi hiyo ya miaka mitano imeachiwa watu wasio na mshahara, wasio na buti, na mara nyingi wasio na hata barua ya kuwatambulisha. Hao ndio ninaokusudia kuwasemea leo, na wale wanaowatelekeza ndio ninaokusudia kuwasuta. Nikikusuta na wewe, ndugu msomaji, uniwie radhi. Na mimi nimo.

Watu hao ni nani?

Ni wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji. Ni akina mama wa vikundi vya vitalu vya miche. Ni vijana waliomaliza shule na hawajapata ajira. Ni wazee walioijua miti kwa majina ya Kizaramo na Kikwere kabla wataalamu hawajawaletea majina ya vitabuni. Alfajiri, kabla ya kwenda kwenye mihogo yao, hupita katika msitu wa kijiji wakaipalilia miche, wakaitandazia majani makavu ili udongo usikauke, wakainyanyua iliyolazwa na upepo, wakaizungushia miiba. Na maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe chini ya mama zake, huwekewa alama ili mtu asiikate kwa kudhani ni magugu.

Kiangazi kinapoingia hufyeka mikuza ya moto, maana moto mmoja wa mwinda panya au mrina asali asiye mwangalifu huweza kuteketeza jasho la miaka minne katika alasiri moja. Hutegua mitego ya nyaya waliyotegewa paa, funo na mbawala. Huwakanya watoto wasiwapige popo mawe. Kinda la komba likianguka pamoja na mti uliokatwa, hulipandisha kwenye mti wa jirani ili mama yake alifuate usiku, badala ya kulipeleka barabarani kuuzwa. Na usiku, wanaposikia msumeno ukilia upande wa msitu, ndio wanaoamka. Sisi wengine hujigeuza upande wa pili.

Watu hawa hawakujizukia. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ndiyo iliyowapa nafasi. Sheria hiyo imekipa kijiji haki ya kutenga msitu katika ardhi yake, kuweka kanuni zake na kuusimamia kwa kamati yake. Imekiruhusu pia kikundi cha wananchi kuwa na msitu wake. Tena imefungua njia ya vijiji vinavyopakana na misitu ya Serikali kushirikiana na Serikali kuilinda. Kwa hiyo mwanakijiji anayetembea msituni na panga lake alfajiri si mtu mwenye shughuli yake ya pembeni. Anatimiza sheria ya nchi. Ajabu ni kwamba katika shughuli hiyo ya kutimiza sheria, yeye ndiye mtu pekee asiyelipwa.

Msitu huu una maana gani?

Yupo atakayeuliza: vichaka hivi vya Pwani vina thamani gani hata tuvipigie kelele? Si Serengeti; hakuna simba wa kupigwa picha. Anayeuliza hivyo aende Pugu jioni moja, asimame karibu na mashimo ya zamani ya udongo mweupe wa kaolini, awaone popo wakitoka kwa maelfu kama moshi kwenda kula wadudu. Kisha asubiri giza liingie na asikilize. Huenda akamsikia komba wa Rondo, mnyama mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wengine wote, ambaye wanasayansi walimtambua kuwa ni jamii ya peke yake katika miaka ya 1990 tu. Anapatikana Tanzania peke yake, katika vipande vichache vya misitu ya Pwani na ya kusini, na Pugu na Kazimzumbwi ni miongoni mwavyo. Tangu mwaka 2006 ametajwa zaidi ya mara moja katika orodha ya jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Mlinzi wake wa kwanza hayuko Ulaya. Ni mkulima wa mihogo wa Kisarawe.

Kama komba hakugusi, basi na tuzungumze juu ya maji. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita katikati ya Jiji la Dar es Salaam na kumwaga baharini. Vilima vikiwa na miti, mvua hunywewa na ardhi na kutoka polepole. Vikiwa uchi, maji hushuka yote kwa siku moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika Dar es Salaam, na mabonde yamefurika tena na tena tangu wakati huo. Sisemi kwamba mkaa peke yake ndio uliosababisha. Ujenzi wa mabondeni na mitaro iliyozibwa vina sehemu yao. Ninachosema ni kwamba kila mti unaokatwa huko juu ni ndoo ya maji inayoongezwa huko chini. Na kwa upande wa Kibaha, Mto Ruvu, ambao maji yake husukumwa kutoka Mlandizi ili Dar es Salaam inywe, hauwezi kubaki safi ikiwa kingo zake na ardhi inayouzunguka itaachwa tupu, kila mvua ikisomba udongo na kuumimina mtoni.

Basi mtu wa Kariakoo au Magomeni anayefungua bomba lake, na mtu wa Jangwani anayelala bila kuogopa mvua, wote wana deni kwa watu wasiowajua. Mwaka 2020 Serikali iliipandisha misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hadhi na kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini hadhi iliyo katika karatasi hailali msituni. Binadamu ndiye anayelala msituni.

Misitu ni mali. Ya nani?

Wenye umri watakumbuka. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya", ikafuata "Chakula ni Uhai" mwaka 1975, na mwaka 1980 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaendesha kampeni ya "Misitu ni Mali". Redio ziliwekwa chini ya miembe, vikundi vikasoma, watu wakajadili. Lilikuwa somo zuri, na walimu wa wakati huo walilibeba mabegani mwao. Lakini kila mali ina mwenyewe, na swali hilo halikumalizwa kujibiwa. Mtu aliyefundishwa kwamba msitu ni mali, kisha akaona lori likiondoka na mali hiyo kwa kibali asichokijua kimetolewa na nani, na ushuru wake ukaenda asikokujua, amefundishwa masomo mawili kwa wakati mmoja. Somo la pili ndilo analolishika.

Na hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wenzangu wa maofisini. Wanavijiji hawa wakija kwetu, tunawapa majibu matatu. La kwanza ni kwamba hakuna fungu. La pili ni kwamba faili lipo kwa mkubwa. La tatu, ambalo hutolewa kwa tabasamu, ndilo baya kuliko yote: "Ninyi si mnajitolea? Anayejitolea hadai."

Jibu hilo linapaswa kukemewa kwa nguvu zote, kwa sababu linachafua neno tukufu. Kujitolea ni kutoa ulicho nacho kwa hiari yako kwa ajili ya jambo unalolijua kuwa ni lako. Kutumikishwa ni kufanya kazi ambayo faida yake huchukuliwa na mtu mwingine. Mzee anayekesha msituni ili mvua isije ikakiharibu kijiji chake anajitolea. Mzee huyo huyo akikamata magunia 30 ya mkaa, magunia yakachukuliwa, yakauzwa, fedha zikaingia katika mfuko wa mbali, na yeye akarudi nyumbani na uadui wa wenye mkaa peke yake, huyo ametumikishwa. Tusiyachanganye mambo haya mawili eti kwa kuwa yote hayana mshahara.

Historia ya mkoa jirani inatosha kutuonya. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kuhifadhi udongo lilikuwa lengo jema. Uluguru ilihitaji kuhifadhiwa, na bado inahitaji. Lakini watu walichimba kwa amri, bila kuulizwa na bila kuona faida, hadi mwaka 1955 zikazuka ghasia na mpango wote ukavunjika. Lengo jema liliuawa na njia mbaya. Mkoloni aliwatumikisha watu kwa viboko. Je, sisi tutajivunia nini ikiwa tunawatumikisha kwa sifa?

Gunia nyuma ya gari

Sasa tufike mahali panapouma. Ni rahisi kumlaani mchoma mkaa. Yuko mbali, ana masizi usoni, na hana gazeti la kujitetea. Lakini mchoma mkaa ni mkulima ambaye mavuno yake hayakumpa fedha za sare ya mtoto. Huuza gunia porini kwa bei ndogo. Mlanguzi mwenye lori huliuza mjini kwa bei iliyopanda mara kadhaa. Na mjini yupo mnunuzi. Mnunuzi huyo ni nani?

Ni sisi. Takwimu za Benki ya Dunia zilizotolewa mwaka 2009 zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi asilimia 71, na kwamba nchi nzima ilikuwa ikitumia tani zipatazo milioni moja za mkaa kwa mwaka. Matanuri yetu ya udongo hula kuni nyingi mno, tani tano, pengine hata kumi, ili kupata tani moja tu ya mkaa. Asilimia hizo si wachoma mkaa. Ndani yake wamo makarani, wahasibu, waalimu, wauguzi na maofisa. Wamo waliohudhuria semina ya mazingira mjini Kibaha asubuhi, wakapewa fulana yenye picha ya mti, na jioni wakasimama kando ya barabara kuu kununua gunia, kwa sababu "huku ni rahisi kuliko mjini". Mwandishi huyu amewahi kuliona gunia likifungwa kwa kamba nyuma ya gari lenye namba za umma. Na mwandishi huyu, kabla hajaanza kujisifu, amewahi kulinunua la kwake.

Ni kweli kwamba Serikali imechukua hatua. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilitakiwa ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mwezi Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lakini mwaka 2034 ni mbali kwa mti unaokatwa leo usiku. Na mtu mwenye mshahara wa kila mwezi hana sababu ya kusubiri mkakati ukamilike. Anayeweza kununua mtungi wa gesi na haununui, kisha akaenda kumhutubia mwanakijiji juu ya uhifadhi, huyo anamtaka mwenzake ajitolee kwa niaba yake. Kazi ya mlinzi wa msitu inaongezwa na jiko la mtumishi.

Adhabu ya kumwagilia

Walimu nao wana la kujibu, na ninalisema kwa heshima, maana hakuna kundi lililopanda miti mingi katika nchi hii kuliko walimu na wanafunzi wao. Vilima vya Pugu vyenyewe vina historia ya ualimu. Hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili alitumikie taifa. Na miaka 12 baadaye, katika Elimu ya Kujitegemea, akatutaka tuifanye kazi ya mikono kuwa sehemu ya kujifunza.

Tumefanya nini na wito huo? Katika shule nyingi mwanafunzi aliyechelewa namba hupewa ndoo akamwagilie miti. Aliyepiga kelele darasani hupalilia bustani. Aliyetoroka huchimba mashimo ya miche. Kwa miaka saba mtoto huyo hufundishwa, kwa vitendo, kwamba mti ni adhabu na jembe ni fedheha. Akimaliza shule, tunashangaa kwa nini hataki kuingia katika kamati ya maliasili ya kijiji chake. Tunashangaa nini? Amemaliza kifungo chake.

Kumbe ingewezekana kinyume chake. Mtoto aliyefanya vyema ndiye angepewa mche uwe wake, aupime urefu kila mwezi, aandike katika daftari lake siku ulipotoa jani jipya na siku ndege wa kwanza alipotua juu yake. Hilo ni somo la hesabu, la sayansi na la Kiswahili kwa pamoja, na halihitaji fungu kutoka makao makuu. Mzee wa kamati ya kijiji angeitwa mara moja kwa muhula awafundishe watoto kuutambua mninga, mpingo, msandarusi na mvule. Mzee angeheshimika, mtoto angeelimika, na mwalimu angepumzika kidogo.

Wenzetu walifanyaje?

Yupo atakayesema kwamba haya ni maneno ya gazetini tu, kwamba wananchi hawawezi kuaminiwa na msitu. Huyo aulizie habari za Duru-Haitemba, wilayani Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu ule ulikuwa ukiliwa kutoka pande zote, na ulipangwa kutwaliwa uwe hifadhi ya Serikali. Badala yake vijiji vinane vinavyouzunguka vikaachiwa kila kimoja kisimamie sehemu yake kwa kanuni zake. Waliokuwa wakikata ndio waliogeuka kuwa walinzi, kwa sababu sasa walikuwa wakilinda chao. Msitu ukarudi, na fundisho lake likaingia katika sera ya misitu ya mwaka 1998 na katika sheria ya 2002.

Aulizie pia Shinyanga. Mwaka 1986 ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Wasukuma walirudishiwa desturi yao wenyewe ya kutenga malisho na miti, kila kaya na kila kijiji, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu. Iliachwa tu ikue, kwa kuwa mwenye nayo alijulikana.

Na jirani zetu wa Kenya tunawajua. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati zake mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, aliweka utaratibu mmoja mwepesi ambao maofisa wetu wangefaa kuukariri. Akina mama walipewa malipo madogo kwa kila mche, si uliopandwa, bali uliopona. Aliyehesabiwa ni mche wenye majani. Senti chache zile hazikumtajirisha mtu. Ziliheshimu jasho na kufunga mlango wa udanganyifu.

Linganisha na hesabu zetu. Kwa miaka kadhaa kila halmashauri imewekewa lengo la miche 1,500,000 kwa mwaka. Kama taarifa zote zingekuwa kweli na miche yote ingekuwa hai, halmashauri moja ingekuwa na miti mipya 7,500,000 kila baada ya miaka mitano. Zidisha kwa halmashauri za Kibaha na Kisarawe, kisha panda basi kutoka Maili Moja hadi Mlandizi, au kutoka Pugu hadi Maneromango, uangalie nje. Simtuhumu mtu kwa uongo. Natuhumu utaratibu unaouliza "mmepanda mingapi?" na hauulizi "ingapi iko hai?" Utaratibu wa namna hiyo huwazawadia wenye turubai na kuwasahau wenye ndoo.

Tufanye nini?

Mambo yanayodaiwa hapa si makubwa. Kwanza, taarifa ya miche isipokelewe wilayani bila hesabu ya miche ya mwaka uliopita na wa mwaka wa nyuma yake iliyo hai, na hesabu hiyo ifanywe pamoja na kamati ya kijiji, shambani, si mezani. Pili, kila mjumbe wa kamati apewe kitambulisho na barua, ili akimsimamisha mwenye msumeno asiulizwe "wewe ni nani?" na kukosa jibu. Tatu, zipatikane buti, mapanga, tochi na ndoo. Gharama ya turubai, viti na chakula cha siku moja ya sherehe ingezinunua nyingi. Nne, pale ambapo mkaa au mbao zimekamatwa kwa jitihada za kijiji, sehemu ya fedha irudi kijijini, isomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji, na itumike kwa uamuzi wa mkutano huo. Tano, vijiji ambavyo havijakamilisha utaratibu wa kisheria wa kutenga msitu wao visaidiwe kuukamilisha, maana msitu usio na mpaka ulioandikwa ni kiwanja kinachosubiri mnunuzi, na Dar es Salaam inasogea kila siku.

Nitaulizwa: je, wajumbe wa kamati wote ni malaika? Hasha. Wapo waliofumbia macho lori kwa kupewa chochote, na wapo waliogeuka kuwa wachomaji wenyewe. Lakini tujiulize kwa haki. Mtu anayelala na njaa, asiye na mshahara wala kitambulisho, akiyumba mara moja tunasema wananchi hawaaminiki. Sisi wenye mshahara, pensheni na ofisi yenye feni tukiyumba, tunasema ni upungufu wa mtu mmoja. Dawa ya kamati mbovu ni mkutano wa kijiji wenye nguvu na hesabu zilizo wazi, si kuirudisha funguo mjini. Funguo zilikaa mjini kwa miongo mingi, na msitu ulipungua zikiwa huko.

Nitaulizwa pia: kama watalipwa, kujitolea kutabaki wapi? Kutabaki pale pale kulipo. Hakuna anayedai mshahara wa mwezi kwa kila mwenye panga. Kinachodaiwa ni kwamba mtu anayetoa nguvu zake asitoe pia viatu vyake, usalama wake na heshima yake. Anayejitolea amekwisha kutoa sehemu yake. Swali lililobaki ni sisi tutatoa nini.

Basi mvua zijazo zikianza, na barua ya mwaliko ikifika ofisini kwako au shuleni kwako, ndugu msomaji, nenda. Lakini kabla hujakaa chini ya turubai, muulize mwenyeji wako akupeleke kwenye miche ya mwaka jana. Kama ipo, muulize ni nani aliyeitunza, uende ukampe mkono kabla hujampa mkono mgeni rasmi. Kama haipo, simama hapo hapo na uulize kwa nini, kwa sauti ya kusikika. Na jioni ukirudi nyumbani, tazama jikoni kwako kuna nini chini ya sufuria.